Mguu wa Yangeyange

Mke wangu alinionya nivae gambuti. Nikamwambia naenda kutazama ndege, siendi kulima mpunga.

Ilikuwa Machi, malambo ya Kongwa yamejaa, nami nina darubini ya kuazima na nimeapa kwamba mwaka huu nitawajua yangeyange mmoja mmoja. Kwa mbali wote ni mashati meupe yaliyoanikwa. Yule mkubwa hana taabu: shingo ndefu, tena ina kona kama bomba la sinki. Wa ng'ombe ni mfupi, mdomo wa njano. Kazi iko kwa yule mdogo wa majini. Mdomo mweusi, miguu myeusi, lakini vidole vya njano, utadhani kavaa soksi. Sasa soksi zimo ndani ya maji. Ukitaka kumjua, sharti anyanyue mguu.

Nilimpata mmoja kasimama kwenye kina kifupi. Nikangoja. Nikasogea, nikangoja tena. Hatimaye akanyanyua: tope tupu, mweusi mpaka kucha.

Ikawa zamu yangu kunyanyua mguu. Wa kwanza ukagoma. Wa pili ukaja, ila bila ndala. Sikuona aibu sana. Kongwa hii iliwashinda Waingereza na matrekta yao ya mradi wa karanga, wakaanza 1947, 1951 wakafungasha virago. Ndala zangu ni nani?

Kijana mchunga ng'ombe alikuwa ananitazama muda wote huo, kwa adabu.

“Shikamoo babu. Umepoteza nini?”

“Marahaba. Natafuta yangeyange.”

Akawatazama yangeyange kama thelathini waliotuzunguka. Akaitazama darubini. Halafu bila neno akaninyooshea fimbo yake niishike.

Nilitoka kwa magoti na viganja, nikapita kwenye nyasi ndefu hivyo hivyo, panzi wakiruka huku na huku. Hapo akatua mmoja, mfupi, mdomo wa njano. Ndege huyu hamfuati ng'ombe kwa mapenzi. Hufuata chochote kinachokurupusha wadudu nyasini, hata trekta. Akaja nyuma yangu, akadona panzi, akasimama kunisubiri niendelee.

“Huyo ni wa ng'ombe, babu,” kijana akasema.

Kisha akaniona nilivyo, kwa miguu minne na ndege wangu nyuma, akageukia pembeni akakohoa sana.