Namna ya Kwenda Fildi na Kurudi na Zaidi ya Mhuri

Likizo ndefu ikikaribia, wanafunzi wa udaktari, uuguzi, famasia, maabara na baiolojia hutawanyika nchini na bahasha za kaki. Ndani mna barua ya chuo inayoomba wapokewe kwa mafunzo ya vitendo. Baadhi watarudi wakiwa wameijua kazi. Baadhi watarudi na mhuri. Mwongozo huu ni wa hawa wa mhuri, vijana wazuri ambao hakuna aliyewaketisha chini akawaambia mambo yanavyokwenda.

Anza na barua. Barua iliyoandikwa "Kwa yeyote anayehusika" haimhusu mtu, na italala mapokezi hadi fildi iishe. Mwandikie mganga mfawidhi, mkuu wa maabara, au mtafiti ambaye umesoma andiko lake. Nasema umesoma, mpaka kwenye majedwali, kwa sababu swali la kwanza atakalokuuliza litatoka huko. Ipeleke mapema. Wiki ya mwisho kila kiti kina mwenyewe.

Kituo usikichague kwa vioo vya jengo. Wengi wanataka Dar es Salaam, walale kwa mjomba na kupanda mwendokasi asubuhi. Lakini Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo leo jina lake linajulikana dunia nzima, chimbuko lake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyoanza mwaka 1956 katika bonde la Kilombero, kwa kuwa mbu na wagonjwa walikuwa huko. Hospitali ya wilaya yenye wataalamu wawili wa maabara itakupa kazi mpaka vidole viume. Hospitali kubwa ambako wanafunzi thelathini wameizunguka mashine moja itakuonyesha mgongo wa mwenzako.

Ukifika, shikamoo itangulie koti jeupe. Msalimie mlinzi, dada wa usafi na mzee wa stoo. Hao ndio wanaojua funguo ziko wapi, friji ipi haiaminiki umeme ukikatika, na bibi yupi amekaa benchi tangu alfajiri bila kuhudumiwa. Simu ibaki mfukoni. Nimeona wanafunzi wakipigwa picha wameinamia hadubini ambayo taa yake haijawashwa! Picha inapata pongezi mtandaoni, na kila mtu wa maabara anayeiona anatikisa kichwa. Ama picha ya mgonjwa, au ya fomu yenye jina lake, hiyo usithubutu kabisa. Yule mtu amekuja kutibiwa.

Sasa tuje kwenye slaidi ya malaria, maana hapo ndipo mtu anapojulikana.

Utapewa kipande cha kioo chenye matone mawili ya damu, moja nene na moja jembamba. Tone nene likiwa limepakwa sawasawa, ukiweka slaidi juu ya gazeti kabla haijatiwa rangi unaweza kuyasoma maandishi kwa shida kidogo. Tone jembamba hugandishwa kwa methanoli. Lile nene haliguswi na methanoli, kwa sababu tunataka seli nyekundu zipasuke ndani ya rangi na kutuachia vimelea na seli nyeupe. Ukilichovya kwenye methanoli kwa haraka zako, umeliharibu. Kisha rangi ya Giemsa: ya asilimia 10 kwa dakika 10 hadi 15, au ya asilimia 3 kwa dakika 45 hadi 60 ikiwa huna mgonjwa anayesubiri. Suuza taratibu, simamisha ikauke, tia tone la mafuta, weka lenzi ya 100.

Mwanafunzi wa siku ya kwanza huona malaria kila mahali. Uchafu wa rangi ni malaria, vumbi ni malaria, mkwaruzo wa kioo ni malaria kali. Mtulize. Kimelea kichanga kina umbo: kipete chembamba cha buluu, na kidoto chekundu kimekaa ukingoni. Mwanafunzi wa wiki ya pili ana ugonjwa mwingine, haoni kitu. Anatazama sehemu ishirini, shingo inamuuma, anaandika "hakuna vimelea" na kwenda kunywa chai. Kanuni ni kutazama sehemu zisizopungua 100 za tone nene kabla ya kutamka neno hilo. Kimelea cha mtoto mwenye vimelea vichache huenda kikawa kwenye sehemu ya 87, na ukiishia ya ishirini utakuwa umemrudisha nyumbani na homa yake.

Vikiwepo, vihesabu. Tuseme umepata vimelea 150 ulipofikisha seli nyeupe 200. Kwa kuchukulia kwamba damu ina seli nyeupe 8,000 kwa mikrolita, unapata vimelea 6,000 kwa mikrolita. Hesabu ya darasa la sita, lakini daktari wa wodini ataitumia usiku huohuo.

Hapa ndipo pia watu hupika data. Mpishi wa data anafahamika kwa mbali: namba zake zote zinaishia na sifuri, hana slaidi iliyovunjika, hana sampuli iliyoganda, na logibuku yake yote imeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, usiku mmoja, wino haujakauka vizuri. Andika kila jioni, hata mistari mitatu. Andika kilichokwenda vibaya. Andika ulichokiona hata kama hukijui.

Mwaka 1869 huko Berlin, mwanafunzi wa udaktari wa miaka 21, Paul Langerhans, alieleza vikundi vya seli alivyoviona vimetapakaa katika kongosho. Alikiri kwamba hajui kazi ya vikundi hivyo. Leo vinaitwa visiwa vya Langerhans, na ndimo insulini inamotengenezwa. Miaka hamsini na kitu baadaye, katika likizo ya 1921 kule Toronto, wanafunzi wawili walirusha sarafu kuamua nani aanze kumsaidia daktari Frederick Banting kuitafuta insulini hiyo. Charles Best akapata zamu. Kazi yake ilikuwa kupima sukari katika damu na mkojo wa mbwa, tena na tena. Januari 1922 mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14, alichomwa sindano ya dawa iliyotokana na kazi hiyo. Vipimo vya sukari vingepikwa, asingekuwepo wa kuchomwa.

Nanyi wenyeji mnaopokea wanafunzi, nina neno nanyi. Kumtuma kijana chapati na kumwachia kupanga mafaili miezi miwili, kisha kumsainia kwamba amefuzu, ni kumdhulumu yeye na mgonjwa atakayekutana naye miaka mitatu ijayo. Mpeni slaidi zake, zisizo za majibu ya mgonjwa, halafu mzirudie naye. Na pesa yake ya fildi ikichelewa, mwulizeni amekula nini, kwa sababu wengi hawatasema.

Wiki ya mwisho usianze kuaga. Omba barua ya ushuhuda sasa, bosi angali anaikumbuka sura yako. Rudisha funguo. Fungua friji, na kwa mwandiko unaosomeka andika sampuli zako ni zipi, za tarehe gani, zipo rafu gani, zipi zinaweza kutupwa. Bandika karatasi hiyo mlangoni pamoja na namba yako ya simu, na wakipiga, pokea.