Majirani Wenye Mikia

Raskazone ni rasi iliyojitenga na mji wa Tanga kwa adabu kubwa: haikuukimbia mji wala haikuukumbatia, bali imejinyoosha kando ya ghuba ikakaa na mibuyu yake, na nyumba zake za kale zenye baraza pana, na upepo wake wa bahari usiodai malipo. Kwa macho ni mahali pazuri mno. Lakini kwa ujirani, nisiifiche haki, pana kasoro. Kule Ngamiani, katika zile barabara zinazohesabiwa kwa namba, mtu akikaanga tasi barabara nzima hujua ni tasi wangapi na kama wamenunuliwa kwa taslimu au kwa deni. Mtoto akipiga chafya nyumba ya kwanza, dua ya afya hutoka nyumba ya nne. Kwetu sisi kila nyumba imejifunika ua, ua umefunikwa na miti, na miti imefunikwa na kimya, hata yamkini mtu akaishi dahari na jirani yake asimjue ila kwa mlio wa geti lake. Nami naamini, na imani hii nimeipata kwa gharama ya kanzu moja ya Ijumaa, kwamba lau si wanyama, watu wa Raskazone wangezikana pasipo kujuana.

Mwingilio wa viumbe hao katika mambo ya wanadamu wa hapa ni wa kale, na umeandikwa katika tarehe. Mwanzoni mwa Novemba 1914, merikebu za Waingereza zilizotoka Bara Hindi zilishusha katika pwani hii jeshi la watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Aitken, aliyekuwa akitarajia kuutwaa mji pasipo taabu kubwa; na upande wa pili walikuwapo wapatao 1,000 tu, Wajerumani na askari wao Waafrika, wengi wao wameletwa mbiombio kwa garimoshi kutoka upande wa Moshi kwa amri ya jemadari wao, von Lettow-Vorbeck. Risasi ziliporindima zilivunja subira ya taifa la tatu, ambalo hakuna aliyelipelekea barua ya vita, nalo ni taifa la nyuki, waliokuwa wametulia mitini wakishughulika na riziki yao. Wakatoka kwa ghadhabu, wakampiga kila mwenye ngozi. Baadaye ikavuma huko Uingereza kwamba Wajerumani walikuwa wamewatayarisha nyuki wale kwa vita, uvumi ambao yeyote aliyepata kurina asali ataucheka hadi machozi, kwani nyuki hatii amri hata ya mwenye mzinga. Mimi huona kwamba katika zama zile, ambapo karibu kila kitu kiligawanywa kwa rangi za watu, nyuki wa Raskazone walikuwa mamlaka pekee iliyotoa huduma sawasawa kwa wote. Tarehe 5 Waingereza walirejea merikebuni, wakiacha nyuma bunduki nyingi na maiti wengi, watoto wa watu kutoka nchi za mbali ambao pengine hawakupata kulisikia jina la Tanga ila siku ile. Na maofisa wa pande mbili wakakutana chini ya bendera nyeupe kuafikiana juu ya majeruhi. Nyuki hawakualikwa katika mapatano hayo, na kwa kuwa hawakutia saini, mimi nikipita chini ya mbuyu wenye mvumo huinamisha kichwa na kwenda kwa taadhima.

Katika zama zetu kazi ile ya kuingilia mambo ya wanadamu imerithiwa na paka, tena paka mmoja. Ni dume la kijivu lenye sikio lililochanika, ambalo lilihamia kwangu pasipo barua ya utambulisho, likakichagua kiti changu cha barazani, na tangu siku hiyo mimi hukaa kwenye kigoda. Nilimpa jina la Sultani, maana sikuona cheo kingine kilichoelekea mwenendo wake. Nyumba ya pili kutoka kwangu akaa Bi Mkubwa mmoja, mjane wa watu, mwenye tasbihi ndefu na kauli laini, ambaye kumbe alikuwa akimlisha paka huyo huyo kwa jina la Kidawa, akiamini kwa dhati kwamba ni jike la ukoo mwema lililofikwa na dhiki. Na ng'ambo ya njia yuko mzee mlinzi, mfupi wa kimo na mrefu wa hadithi, aliyemwita Meneja, kwa hoja kwamba alikuwa akija usiku wa manane, akikagua ua wote, akila cha mlinzi, kisha akiondoka pasipo kusema ahsante.

Siri hii ya majina matatu ilikuwa ikijulikana na mtu mmoja tu, naye ni mzee wa samaki, atujiaye kwa baiskeli kutoka soko la Deep Sea, tenga limefungwa nyuma kwa mpira, na gunia bichi juu yake. Kila alfajiri husimama getini, huuweka ubao wake juu ya jiwe, humkwangua changu magamba kwa kisu kilicholiwa na tupa hata kikabaki wembamba wa ukuti, na matumbo huyatupa upande wa kushoto pasipo kutazama, kwa kuwa ajua kuna apokeaye. Mzee huyo, ambaye ni mcha Mungu na hasemi uongo, aliona pia kwamba dini haimlazimishi kusema kila alijualo. Kwani kila nyumba katika nyumba tatu ilikuwa ikinunua fungu la vibua kwa ajili ya paka, na mtu haizibi mwenyewe njia ya riziki yake. Nilipomlaumu baadaye alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, kila samaki ana hifadhi yake. Yule silikanti serikali imemwekea hifadhi ya bahari nzima." Ni kweli: samaki huyo wa kale, ambaye wataalamu walidhani amekwisha duniani hadi alipoonekana Afrika ya Kusini mwaka 1938, alianza kunaswa katika majarife ya wavuvi wa pwani yetu takriban miaka ishirini iliyopita, na mwaka 2009 ikaundwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Kwa maoni ya mzee wangu, hata hivyo, iko kinga iliyomlinda silikanti kuliko sheria zote, nayo ni ladha yake mbaya.

Ikasadifu masika moja paka akapotea. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na ilipopumzika baada ya Isha nilitoka na taa mkononi, nikaanza kuita njiani, "Sultani! Sultani!" Mara nikasikia gizani sauti ya kike ikibembeleza, "Kidawa! Njoo mwanangu, Kidawa!" na kutoka ng'ambo sauti ya tatu, kavu na ya kiofisi, "Meneja! We Meneja!" Tulikwenda hivyo kwa kitambo, kila mmoja akiwahurumia wenzake kimoyomoyo kwa kupungukiwa na akili, hadi tukakutana uso kwa uso chini ya mbuyu. Nikatoa shikamoo. "Marahaba," akajibu Bi Mkubwa, akiniinulia taa usoni. "Mwanangu, masultani wa Unguja wametoka tangu 1964. Wewe wamwita yupi usiku huu?" Kabla sijajibu, mzee mlinzi alinyoosha kidole juu ya ukuta, naye alikuwa pale, ameloa, ana jeraha begani, akitutazama sisi watatu kwa macho ya mtu ambaye wake zake wamekutana sokoni.

Asubuhi yake akaitwa bwana mifugo. Alikuja na pikipiki na mkoba, mtu mpole, aliyezoea ng'ombe na mbuzi, akauliza mmiliki wa mnyama ni nani, maana daftari lake lina safu ya jina hilo. Tukajibu watatu kwa pamoja. Akauliza tena, akilidhani swali halikueleweka. Tukanyamaza watatu kwa pamoja, kwa kuwa kila mmoja alikumbuka kwamba mmiliki ndiye alipaye. Hatimaye akapiga sindano, akaandika jambo ambalo hakutuonyesha, akausia mgonjwa apewe chakula cha kumrudishia nguvu. Wasia huo ulitekelezwa katika nyumba zote tatu, kikamilifu, asubuhi na jioni, kwa supu na kwa nguru wa kuchemsha, hata jeraha likapona na mgonjwa akawa na kiuno cha mwenye duka la jumla.

Hapo ndipo ilipofika Ijumaa ya kanzu. Geti la mlinzi lina tundu chini, ambalo Meneja alikuwa akilipita tangu enzi za ukondefu wake. Siku hiyo kichwa kilipita, mabega yakapita, na kilichobaki kikakataa. Kilio chake kiliifanya Raskazone nzima ifungue madirisha, na nikaona nyuso ambazo sikujua kama zipo. Mmoja alishauri tuvute, mwingine tusukume, wa tatu akashauri tumngoje akonde. Bi Mkubwa hakushauri neno. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya mafuta ya nazi, akapiga magoti matopeni na leso yake nzuri, akampaka paka kiuno chote huku akimsomea Ayatul-Kursiyyu, na mlinzi upande wa pili akipokea kichwa kwa viganja viwili. Paka akachopoka. Hakungoja kushukuru: alikata njia, akaruka dirisha langu, akajifuta mafuta yote, na matope yaliyoshika mafuta, juu ya kanzu yangu nyeupe iliyokuwa imepigwa pasi na kutandazwa kitandani ikingojea adhana.

Adhana ilikuwa karibu. Mzee mlinzi, kwa ukarimu ambao sitausahau, akanifungulia sanduku lake akanipa kanzu yake ya akiba. Nami nilipoivaa ilikomea katikati ya muundi. Ina fadhila zake kanzu ya namna hiyo, hasa kwa mpanda baiskeli, maana hailiwi na mnyororo. Lakini msikitini baadhi ya wazee walinitazama sana, na baada ya salamu kijana mmoja mwenye ndevu za kuchipukia alinishika mkono kwa mapenzi, akanipongeza kwa kuihuisha sunna. Sikumwambia kwamba sababu ni paka. Tangu siku hiyo hunialika darasani kwake, na visheti vya pale ni vizuri.

Mintarafu kunguru sitasema mengi, maana wanajisemea wenyewe. Hawa wenye shingo ya kijivu si wenyeji wetu. Asili yao ni Bara Hindi, wakaletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wasaidie kuondoa taka, wakaipenda ajira, wakajiongezea mkataba mwambao wote. Bi Mkubwa huweka sinia la maji chini ya mwarobaini kwa ajili ya ndege wadogo wakati wa kaskazi, jua linapochoma. Kunguru huja na mkate mkavu walioupora kwangu, wakautowelea humo hata ukalainika, wakala, wakaacha maji yamekuwa uji. Huwalaani kwa maneno mazito, tena kwa majina, kisha humwaga maji yale na kuweka mengine. Nilimuuliza kwa nini. "Na kiu nao wanayo," akasema, akaingia ndani.

Yuko sahibu yangu mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye alinikuta barazani nikimweleza Sultani bei ya nguru, akasema kwamba nimemkumbusha *Adili na Nduguze* ya marehemu Shaaban Robert, mtu wa kwetu huyu, mzaliwa wa Vibambani mwaka 1909, ambaye katika utumishi wake aliwahi kuwa katika idara ya mifugo kule Mpwapwa. Katika kitabu hicho ndugu wawili mahasidi wamegeuzwa manyani, na Adili huwapiga usiku kwa amri ya majini, kisha huwalisha kwa machozi kwa sababu ni damu yake. Mwalimu alitaka kujua paka huyu alikuwa nani katika aila yangu kabla hajageuzwa. Nikamwambia kwamba kwa jinsi akaavyo kwenye kiti cha watu na kungoja kuandaliwa, nina mjomba mmoja ninayemshuku.

Siku hizi bakuli la Bi Mkubwa, lililofunikwa kawa, hutoka kwake na mkate wa kumimina likaja kwangu. Na kwa kuwa bakuli la mtu halirudi tupu, hutoka kwangu na mafenesi ya shamba likaenda kwa mlinzi, na kwa mlinzi hutoka na muhogo wa kuchoma. Nyuso zile za madirishani nazo sasa zina majina, na mbili kati yake zinanidai. Mlinzi amelipanua tundu la geti kwa msumeno, akidai amefanya hivyo ili hewa ipite. Na bwana mifugo, aliporudi kutazama kovu, nilichungulia daftari lake begani pake: katika safu ya mmiliki ameandika "Raskazone".

Basi, msomaji, ukijaliwa kupita njia yetu, ukamwona paka wa kijivu mwenye sikio lililochanika akikulilia njaa kwa sauti ya kuvunja moyo, mwite kwa jina lolote upendalo, mkune kichwa, kisha ushike njia yako usimpe kitu: keshakula kwangu, keshakula kwa Bi Mkubwa, na kwa mlinzi amebakiziwa.