Ukuta wa Upande wa Mlimani

Plasta ilianguka usiku wa manane, kipande kizima kuanzia dirishani hadi chini. Mama mkwe hakusubiri taa. Alimnyakua mjukuu akatoka naye mvuani, akipiga kelele kwamba mlima umeshuka. Hapa Katesh nani atamlaumu? Desemba 3, 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka kweli, likaua watu zaidi ya 80. Tope lile hakuna ukuta wa kulizuia. Lakini huu wetu uliharibiwa na mvua ya kawaida, na hiyo tunaiweza.

Nyumba tuliinunua ikiwa imepigwa plasta ya saruji juu ya matofali mabichi. Udongo ukilowa huvimba, ukikauka husinyaa, saruji haifuati. Hupasuka, maji yakapenya kwenye ufa, yakakosa pa kutokea. Asubuhi niligusa tofali lililobaki wazi, kidole kikazama hadi pingili ya pili. Harufu ya ukungu tuliyohangaika nayo miezi yote ilikuwa inatoka humo.

Baba watoto akataka saruji tena, nene zaidi. Mama mkwe, aliyekulia kwenye tembe la Kiiraqw, akamkatiza: "Mwanangu, mgonjwa anatetemeka nawe unamfunika blanketi lililolowa? Uache ukauke kwanza."

Fundi akamuunga mkono. Tukabandua saruji yote, ukuta ukapigwa upepo mpaka mvua zikaisha. Matofali ya chini, yaliyokuwa yakirukiwa na matone ya paani, fundi aliyatoa kidogo kidogo huku ameegemeza nguzo, akajenga mawe, na juu ya mawe akatandaza nailoni nzito ili unyevu usipande. Paa likaongezewa upenu. Kisha plasta mpya: udongo, mchanga, nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, vikavundikwa hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mwisho chokaa, ambayo huacha unyevu utoke.

Ukuta uliolowa hupitisha baridi. Mkavu na mnene hutunza joto la mchana na kulitoa taratibu usiku. Julai hii hatujaingiza jiko la mkaa chumbani, na hilo kwangu ni kubwa kuliko urembo wowote, maana hewa ya mkaa huua watu wakiwa usingizini.

Sasa baba watoto anataka kubandua kuta tatu zilizobaki kwa mkupuo. Mama mkwe amekataa: mmoja mmoja, na kila mmoja ukauke. Samadi ameshaagiza.