Watatu Wanauza Nyumba Moja

Mjomba wangu ni watu watatu. Kwenye hati ya nyumba yake ya Tanga ni Athumani Sefu. Kwenye kitambulisho cha NIDA ni Othman Seif. Kwenye namba ya mlipakodi, karani mwenye haraka zake alimwandika Osman Sef. Mtaani hakuna anayemjua hata mmoja wao. Ukifika, uliza kwa Baba Chausiku.

Watatu hao waliishi kwa amani ndani ya kanzu moja mpaka mjomba alipotaka kuuza nyumba. Dalali akaleta mteja, mteja akaleta wakili, wakili akatandaza makaratasi kwenye mkeka, akavua miwani.

"Mzee, hapa nani anauza?"

"Sote tumekubaliana," mjomba akajibu.

Wakili hakucheka. Akaendelea kuisoma hati, na hapo ndipo palipouma. Tangu nikiwa mtoto namsikia mjomba akiwafokea wapangaji kwamba ardhi ile ni yake, asiyetaka ahame. Kumbe kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote Tanzania ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Alicho nacho mjomba ni haki ya kuimiliki kwa muda, yake miaka 99, na kila mwaka anadaiwa kodi ya pango la ardhi.

"Pango?" akashtuka. "Kwa hiyo na mimi mpangaji?"

Mpangaji wa chumba cha uani, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, aliinamisha kichwa kwa adabu. Nasikia siku hizi anachelewesha kodi bila wasiwasi wowote.

Majina hayakusumbua sana. Mjomba aliapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba Athumani, Othman na Osman ni mtu yule yule, muhuri ukagongwa, yakaisha.

Kazi ilikuwa ridhaa ya mwenza. Nyumba wanayoishi mke na mume haiuzwi kimyakimya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzio aridhie. Mkaza mjomba akaitwa kutoka jikoni, akafuta mikono kwenye kanga, akaomba kwanza atajiwe bei. Hakuwahi kutajiwa. Mimi na dalali tukaombwa tupishe. Tuliporudi, bei ilikuwa imepanda na mjomba alikuwa ameshuka.

Wewe mwenye nyumba ya kuuza, kabla dalali hajaleta mteja, toa hati na kitambulisho, usome jina herufi kwa herufi. Kisha muulize mkeo bei.