Namna ya Kuingia Chuo Kikuu na Udongo Kwenye Kucha

Shati jeupe liache nyumbani. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa sekondari wa Fataki, huku Ituri, anayetaka kufika Bunia, awe Chuo Kikuu cha Bunia (UNIBU) au Chuo Kikuu cha Shalom, akiwa anajua kufanya kitu, na shati litachafuka.

Anza kwa kuachana na hadubini ya chaki. Unaijua: mwalimu anaichora ubaoni, mishale kila upande, darasa zima linainakili kwa kalamu ya bluu na nyekundu, halafu mnaulizwa majina ya sehemu zake. Wapo wenye diploma ya serikali ya biolojia-kemia ambao hawajaona hadubini nyingine. Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu, kwa hiyo mtu huyo anapita. Maabara ya chuo kikuu ndiyo inayomkamata.

Sasa chukua maharagwe. Hesabu mbegu 100 bila kuchagua zilizo nzuri, zifunge katika kitambaa kibichi, kitunze kisikauke. Baada ya siku saba hesabu zilizoota. Zikiwa 62, umepata asilimia, na pia umepata sababu ya shamba la mama kuwa na mapengo. Rudia kwa mbegu za jirani. Hapo tayari una sampuli, ulinganisho na swali, mambo ambayo wahadhiri wanawafundisha kwa mwaka mzima watu ambao hawajawahi kuhesabu chochote.

Kisha nenda kwenye viazi mviringo, maana huku milimani ndiko kwao. Tafuta shina lililonyauka karibuni ilhali udongo una maji. Likate karibu na mzizi, ning'iniza kipande hicho ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Ngoja dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Mbegu ya shamba lile isipandwe tena. Usipoziona, usikimbilie jibu, tafuta sababu nyingine. Andika kwenye daftari tarehe, shamba na mvua ya wiki ile. Glasi moja imekufundisha kukisia, kupima na kukubali matokeo usiyoyapenda.

Daftari hilo lilinde kuliko kitambulisho. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioenea vyuoni mwetu tangu mwaka wa masomo 2021-2022, krediti inahesabu hata saa za kazi binafsi ya mwanafunzi. Asiyezoea kufanya kazi bila mwalimu mgongoni atanunua kazi ya mwenzake wa mwaka jana, abadilishe jina la kijiji, aite utafiti. Aibu hiyo inaanzia sekondari.

Na wewe wa pedagojia, staji yako katika shule ya msingi usiifanye ya kusaini tu. Simama mbele ya watoto wa mwaka wa pili, uone nani hakuelewa, ubadilishe somo papo hapo. Atakayeendelea na ualimu ISP Bunia ataiona faida yake mapema.

Utasema shule haina vifaa. Ni kweli. Tangu mwishoni mwa 2017 vita vya eneo letu la Djugu vimechoma na kupora shule nyingi, na watoto wa huku wamesomea kambini, wengine Bunia. Shule iliyoporwa siilaumu kwa kukosa hadubini. Ninailaumu shule yenye shamba ambayo shamba hilo ni gereza: aliyechelewa akalime, aliyepiga kelele akalime, aliyefaulu abaki kivulini na kitabu. Miaka sita ya namna hiyo inamfundisha kijana mwerevu kwamba mkono ni adhabu. Halafu tunashangaa mhitimu wa kilimo anapoogopa ng'ombe, huku kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kikiwa Nioka, upande wa Mahagi, kazi yake tangu enzi za ukoloni ikiwa mifugo na mazao ya milima hii hii.

Maprefe, wakuu wa shule zetu, futeni adhabu ya jembe mwaka huu. Kila darasa lipewe kipande chake, daftari lake na saa mbili kwa juma, alama zake ziingie kwenye buletini. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na matope msimgombeze kwanza. Muulizeni mbegu ngapi zimeota.