Kichurachura cha Januari

Kati ya magonjwa ya msimu yanayowapata wakazi wa miji ya Afrika Mashariki, upo mmoja ambao waganga hawajaupa jina: huzuka katika juma la kwanza la Januari, baada ya pilau ya sikukuu kuisha na kabla ya ada za shule kudaiwa, na dalili yake ya kwanza ni raba mpya. Mgonjwa, ambaye mwaka mzima uliopita hakukimbia isipokuwa kulifukuzia daladala, huamka alfajiri akiwa na azma ya kukiondoa kwa asubuhi moja kitambi kilichomchukua miaka kumi kukijenga, na kitambi hicho, kwa kuwa kimelelewa kwa subira, hakibabaiki.

Mwandishi wa insha hii, kwa masikitiko, ni sehemu ya ushahidi. Siku yake ya kwanza katika ukumbi wa mazoezi alipiga vichurachura 100, yaani zoezi la kuchuchumaa na kuruka mfano wa chura, ambalo wengi hulikumbuka kama adhabu ya kuchelewa mchakamchaka shuleni. Alivipiga vyote mia kwa sababu kijana aliyekuwa akihesabu alihesabu kwa sauti, na kwa sababu pembeni yake palikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyepiga kumi, akafuta jasho, akaaga na kwenda zake. Jioni hiyo mwandishi alijiona shujaa. Kesho yake alishuka ngazi kinyumenyume, akiwaeleza majirani kwamba ameangusha kitu. Siku ya tatu aliingia katika choo cha kuchuchumaa, ambamo safari ya kushuka ilikamilishwa na uzito wake mwenyewe bila msaada wa mapaja, lakini safari ya kupanda ilimlazimu ashike bomba la maji, nalo, kwa kuwa halikufungwa ukutani kwa kusudi hilo, likang'oka likamfuata. Malipo ya fundi bomba yalizidi ada ya mwezi mzima ya mazoezi, na mwezi ule mazoezi yenyewe hayakurudiwa.

Kitaalamu, maumivu ya namna hiyo yana maelezo yasiyo na ushujaa wowote. Msuli hujikunja unapouvuta mzigo, kama paja linapomwinua mtu kutoka kitini, na vilevile hukaza huku ukirefuka unapouzuia mzigo usianguke, kama paja hilohilo linapomteremsha ngazi. Na ni namna hii ya pili, ambayo kwa mtazamaji huonekana nyepesi, inayozichana nyuzi za msuli usioizoea, kwa michaniko midogo isiyoonekana kwa macho. Uvimbe na uchungu hufuata taratibu, ndiyo maana maumivu hayafiki kileleni siku ya zoezi bali kati ya saa 24 na 72 baadaye, wakati mhusika amekwisha kuwasimulia wenzake wote ofisini kwamba mazoezi si kitu. Wanaomfariji kwa kusema ni asidi iliyojaa miguuni wana huruma kuliko usahihi, kwa kuwa laktati, kemikali inayolaumiwa, huwa imeondoka misulini muda mfupi tu baada ya zoezi.

Linalokera zaidi ni kwamba dozi ndogo ya zoezi hilohilo, hata ile isiyouma sana, huukinga msuli kwa wiki kadhaa dhidi ya kuumia upya, hivi kwamba vichurachura kumi vya Jumatatu vingemwandaa mtu kwa ishirini vya wiki inayofuata, na yule mama aliyeaga mapema alikuwa, bila kutangaza, ndiye mwanasayansi pekee ukumbini. Kano, yaani kamba zinazoufunga msuli kwenye mfupa, huimarika polepole kuliko misuli yenyewe, kwa hiyo mwenye pupa hujihisi ana nguvu kabla magoti yake hayajashirikishwa katika uamuzi.

Hata Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42.195 jijini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, hasifiki kambini Kaptagat kwa kujiua mazoezini. Chini ya kocha Patrick Sang, mbio nyingi za wiki ni za mwendo mwepesi, unaoanza kwa kujikokota, na siku ngumu huwekewa mpaka ili kesho yake pabaki miguu ya kukimbilia. Kisha kila zoezi huandikwa daftarini, mwaka baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linamtaka mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani angalau nusu saa kwa siku tano, na halidai tena kwamba kila kipande kifike dakika kumi ndipo kihesabiwe, jambo linalomaanisha kwamba hata kulifukuzia daladala kumo hesabuni.

Katika mafunzo yote ya Kaptagat, mwandishi alichagua kuiga lile linalouzwa dukani, akanunua daftari. Ukurasa wa kwanza una maneno "vichurachura 100" yaliyopigiwa mistari miwili. Kurasa nane zinazofuata zina hesabu ya deni la mayai dukani. Machi 14 pameandikwa: "Kutembea, dakika 10, mvua." Machi 15: "Dakika 10." Machi 16: "Dakika 12, mbwa." Machi 17: "Dakika 10, mbwa yuleyule, tumezoeana."