Mjomba, Huku Nako Kuna Antena



Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, pamoja na kile kicheko cha mwisho. Ndiyo, kidude ulichokiona dirishani kwenye picha niliyomtumia mama ni antena. Na ndiyo, hapa ni Chicago, si Korogwe. Nakuomba tu habari hii isifike kijiweni kabla sijajieleza.

Televisheni ya kebo huku inavuka dola 100 kwa mwezi bila taabu. Tangazo linataja bei ya kuvutia, kisha bili inakuja na watoto wake. Mmoja wa watoto hao ni ada ya vituo vya kawaida: ABC, CBS, NBC na Fox, vilevile vinavyopita bure juu ya paa lako. Sheria ya mwaka 1992 iliviruhusu vituo kuzidai malipo kampuni za kebo zinazobeba matangazo yao, na kampuni zikaona mzigo huo unamkaa vizuri zaidi mteja. Mimi nimenunua antena, nikalipa mara moja, tukaachana salama.

King'amuzi usiniulize. Tangu Machi 2007, televisheni mpya huku sharti iwe nacho tumboni. Walipozima analojia, Juni 12, 2009, wenye televisheni kuukuu waliweza kuomba kuponi ya serikali ya dola 40 wakanunulie kisanduku. Dar walipoanza kuzima, Desemba 31, 2012, mimi kuponi sikuiona. Labda ilipitia kwako.

Minara ya vituo vingi iko juu ya majengo mawili marefu ya katikati ya mji, Willis Tower na lile lililokuwa likiitwa John Hancock. Mimi nakaa kaskazini, kwa hiyo kibla cha antena yangu ni kusini. Chenga hakuna tena, Mjomba. Zamani picha ilichakaa polepole, na mtu mwenye imani aliweza kumwona mshambuliaji ndani ya chenga. Siku hizi ama picha inang'aa, ama inakatikakatika vigae na kuganda, na haigandi wakati wa matangazo. Msumbufu kuliko wote ni CBS, ambao hapa Chicago bado wanarusha kwa VHF. Kwao inanibidi nivute masikio ya antena, moja lielekee pazia, jingine friji, kisha nikae kama napigwa picha ya pasipoti. Wewe ulipokuwa unaitafuta televisheni ya Zanzibar ulikuwa na mimi juu ya bati, nimekumbatia mwanzi, nawe chini unapiga kelele, "Hapo hapo! Usipumue!" Mimi nimpandishe nani? Jirani yangu ni mwanasheria.

Utauliza, naona nini sasa? Naona matangazo ya dawa. Bibi mmoja anacheza na mbwa ufukweni, meno meupe, huku sauti nyuma ikisoma mbiombio kwamba dawa hiyo yaweza kuharibu ini, kusimamisha moyo, au kukutia mawazo ya kujiua. Bibi anazidi kutabasamu. Halafu unaambiwa ukamwombe daktari wako akuandikie.

Kuna WTTW, kituo cha umma, kizuri kweli. Ila kikianza kuchangisha, kipindi kinakatwa katikati na watu waungwana wanakuomba mchango kwa upole unaoumiza, na ukitoa wanakupa kikombe au mfuko wa kitambaa. Ni harambee, ila bila mgeni rasmi.

Jumamosi usiku kupitia MeTV anakuja Svengoolie. Mzee mzima, kofia ndefu, macho yamepakwa weusi, anatoka ndani ya jeneza kuonyesha filamu kuukuu za kutisha, akitoa mzaha mbaya anarushiwa kuku wa mpira. Anayemwigiza, Rich Koz, aliianza kazi hii mwaka 1979. Mama asiambiwe. Ataniletea shehe.

Mpira upo. Jumamosi nyingi NBC wanaonyesha mechi ya Uingereza saa tano na nusu asubuhi, wakati nyinyi kiza kimeshaingia. Na Kombe la Dunia la 2022 sehemu kubwa nililiona Telemundo, Kihispania kitupu. Sikuelewa neno, lakini Andrés Cantor akitangaza goli unaweza kwenda jikoni, ukamimina chai, ukarudi, bado yuko kwenye goli lilelile.

Sasa lile ombi lako la hela ya kifurushi. Nitatuma Ijumaa. Watu wa ofisini kwangu wakiuliza kama nalipia televisheni, nitawajibu ninalipia, ya Tanga. Ila chukua kile cha kati, Mjomba, chenye mpira. Kile kikubwa chenye chaneli za mapishi ya Wafaransa unakitaka cha nini, na wali unapikiwa?

Wasalimie wote. Kijiweni usiwaambie kitu.